Sebule ya Masafa

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha katikati ya sebule yangu mwenyewe, birika la chai mkononi, wifi yangu akinipasha mbele ya wageni. Kwa aliyekosa nitarudia kidogo tu, maana maneno yale hayana utamu wa kutafunwa mara mbili.

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Watu wamesahau jina aliloitwa na wazazi wake, wanamwita Masafa, na mimi mwenyewe humwita hivyo nikiwa nimekasirika. Anavuka mipaka kama wengine wanavyovuka barabara. Zamani akirudi alikuwa anakaa juma zima. Kisha zikawa siku chache. Kisha akawa anafika, anaoga, anakula, analala, na asubuhi injini inaunguruma.

Basi dada yake akaja na mashoga zake, akakaa, akazungusha macho ukutani, akasema: "Kaka yangu kaiona dunia yote, halafu anarudi kwenye sebule kama chumba cha kusubiria sindano. Ningekuwa yeye ningelala kwenye lori."

Mashoga walicheka. Na mimi nikacheka, nikawaongeza chai, kwa sababu akutukanaye hakuchagulii tusi na wifi hakuchagulii siku.

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kuta zangu zilikuwa na rangi ya uji uliopoa. Makochi ya kahawia, meza ya kahawia, pazia la kahawia, na kalenda ya mwaka uliokwisha kupita. Mtu angeingia mle asingeweza kukisia kwamba mwenye nyumba amewahi kufika hata stendi.

Msiniulize zawadi za safari. Mwanzoni nilikuwa nauliza. Masafa alikuwa na jibu moja kwa kila safari: alininunulia kitambaa kizuri, forodha wakakizuia. Alininunulia kikapu cha kusukwa, forodha wakakichukua. Taa ya kuning'iniza, forodha. Nikawachukia hao watu wa forodha ambao sijawahi kuwaona. Nikawa nawalaani kwenye sala.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipojichimbia shimo.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu iko kwenye kibaraza cha mbele, na utingo wa mume wangu huniletea nguo zake nimrekebishie wakati lori liko gereji. Ni mtu mzima mwenye mvi, mpole, wanamwita Breki kwa sababu ndiye anayeweka kigingi chini ya tairi lori likisimama mlimani. Watu wa malori wana mwiko wao mmoja: ya barabarani huachwa barabarani. Utingo anaweza kukwambia bei ya mafuta nchi zote, lakini ukimuuliza dereva wake alilala wapi, atatazama tairi.

Kwa hiyo sikumuuliza Breki dereva wake analala wapi. Nilijiona mjanja. Nilimuuliza: "Shemeji, huko njiani mwenzako akichoka sana, anapumzika wapi mpaka unamwona kweli amepumzika?"

Breki akakuna kidevu. Akaniangalia, nadhani alitaka kujua kama kuna mtego. Uso wangu ulikuwa hauna kitu, maana kweli sikuwa na mtego. Nilikuwa na huzuni tu.

"Kuna nyumba moja mpakani," akasema. "Tukisubiri karatasi za mzigo tunapumzika pale."

"Ya nani?"

"Ya watu tu. Wanapokea madereva." Akakohoa. "Ila sebule yake, shemeji, inamfanya mtu asahau barabara. Masafa akiingia mle anavua viatu mwenyewe. Anacheka."

Hilo la kucheka ndilo lililonimaliza. Kwangu alikuwa anavua viatu kwa kuguna.

Nikamwambia anieleze sebule hiyo ilivyo. Nikamwona analegea, kwa sababu aliona hapo hakuna mwiko unaovunjwa. Rangi ya ukuta si siri ya mtu. Basi akaeleza, na akishaanza mtu wa barabarani haishi. Chini ukuta una rangi ya chungwa, juu buluu, katikati mstari mweupe. Nyungo za kusukwa zimepangwa ukutani, kubwa kwa ndogo. Mito ya makochi kila mmoja na kitambaa cha nchi yake, hakuna unaofanana na mwenzake. Meza ni sanduku la bati la safari. Mlango wa kuingilia ndani una pazia la shanga. Taa imevalishwa kikapu, usiku inamwaga vivuli dari nzima.

Nilimpima kama ninavyompima mteja. Hilo chungwa linaishia wapi, kiunoni au kifuani? Akaonyesha kwa mkono, kifuani. Nyungo ziko upande gani ukiingia? Kushoto. Sanduku limelazwa au limesimamishwa? Limelazwa, juu kuna kitambaa chekundu. Nikaandika vyote kichwani. Suruali yake nikamshonea bure, na nikamshukuru juu yake.

Walipoondoka kwa safari nyingine, nikaanza.

Pesa sikuwa nayo, lakini mwanamke mwenye cherehani na hasira hashindwi. Nilikwenda kwa mafundi waliokuwa wanamaliza jengo la maduka barabara ya pili, nikawaomba mabaki ya makopo. Walinipa njano ya ukutani na nyekundu ya kupaka mabati. Nikachanganya kwenye beseni nikikoroga kwa mwiko wa zamani. Mara ya kwanza ikatoka rangi ya matofali. Mara ya pili ikatoka rangi ambayo sitaki kuitaja, na nilikuwa nimekwisha paka ukuta mzima. Nikaketi sakafuni, nikalia, nikainuka, nikaongeza njano. Mara ya tatu ukuta ukanitazama kama chungwa lililomenywa.

Buluu ilitoka kwa jirani mwenye kupaka mageti. Nyungo nilinunua zilizotoboka sokoni, nikaziba matundu kwa nyuzi za rangi, ikaonekana ndiyo mapambo yenyewe. Mito niliishona kwa skafu za mitumba. Muuza mitumba akanizoea, akawa ananiwekea pembeni zenye maandishi ya ajabu na picha za ndege wasiojulikana. Skafu iliyochanika upande mmoja inatoa foronya safi ukijua pa kukata. Kalenda za zamani nikazikata picha, madaraja, milima yenye theluji, masoko ya mbali, nikazitia kwenye fremu za bei ya kutupa.

Sanduku la bati lilikuwa la shule, la kwangu mwenyewe. Pazia la shanga lilinichosha kuliko vyote. Shanga za kununua ni ghali, basi nikakata mirija ya soda vipandevipande, nikachanganya na mbegu kavu na vifungo vya mashati yaliyokufa. Likipigwa na upepo lilikuwa linasema kitu. Nilikaa nikilisikiliza nikajiona na mimi nimesafiri.

Nawaambia ukweli wangu, nilikuwa na furaha. Sijawahi kufanya kazi kwa mapenzi kiasi kile. Kila msumari niliogonga nilikuwa namwambia mume wangu: njoo, ukae, barabara zako zote nimekuletea nyumbani, huna haja ya kuzifuata tena.

Wifi alipita siku rangi ilipokuwa inakauka. Nikamkaribisha kwa mbwembwe, nikangoja sifa. Akasimama mlangoni, akatazama chungwa, akatazama buluu, akatazama ule mstari mweupe. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia kichwa changu mwenyewe. Hakukaa. Alisema ameacha chungu jikoni, naye ni mtu asiyepika. Nikajisemea, wivu huo, na jioni ile nilikula kwa raha.

Masafa alifika mchana, jua kali. Lori lake halipiti kichochoroni kwetu, huliacha kwenye uwanja karibu na kituo cha mafuta na kuja kwa miguu. Nilisikia honi yake nikavaa gauni nililoshona kwa vipande vya ile mito. Nikasimama kando ya kochi kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Akaingia.

Akapiga hatua moja, akaganda. Begi likamtoka mkononi. Macho yake yakaenda chungwa, yakaenda buluu, yakaenda kushoto kwenye nyungo, yakateremka kwenye sanduku. Nikaanza kutabasamu. Nilidhani ndiyo ile furaha niliyoilipia.

Akasema kwa sauti ndogo: "Nani kakupeleka kule?"

Nikadhani anauliza sokoni. Nilikuwa nimefungua mdomo kumweleza habari za muuza mitumba. Ndipo nikamwona uso. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mtu aliyefurahi hatoki jasho mahali pale. Nimewashonea wanaume wengi sare za harusi za siri. Uso ule naujua.

Sikujua lolote, wasomaji wangu. Sikujua hata robo. Lakini kuna akili humwingia mwanamke ghafla bila kubisha hodi.

Nikavuta kiti. Nikamwambia: "Kaa chini. Anza wewe kueleza. Nitakusahihisha pale utakapodanganya."

Akakaa. Masafa huyu aliyeshinda vizuizi vyote vya barabarani kwa ulimi, akaanguka kwenye kizuizi changu cha kubahatisha.

"Sikutaka ujue namna hii," akasema.

"Ulitaka nijue namna gani?"

Akaanza. Mwanamke huyo alikuwa na kibanda cha chakula pale mpakani. Ilikuwa mazoea, kisha ikawa nyumba. Alimjengea chumba, kisha akaongeza sebule. Alipoleta kitambaa cha kwanza akaona anavyofurahi, akaleta cha pili. Kila safari kitu kimoja. Mama yake Masafa anajua. Dada yake anajua, tena amekwisha kwenda mara kadhaa, amekaa kwenye mito ileile. Nikakumbuka chungu cha wifi kilichoachwa jikoni.

Nikashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Hao watu wa forodha niliowalaani miaka yote hawakuwa na kosa lolote. Kila walichonizuilia kilikuwa kinaning'inia ukutani kwa mwenzangu, na mimi nimekwenda kununua mfano wake kwenye mitumba nikauning'iniza kwangu kwa mikono yangu.

"Endelea," nikamwambia. "Hapo umeruka."

Sikuwa najua alichoruka. Nilisema tu.

Akainamisha kichwa. "Watoto ni pacha. Wasichana. Karibu wanaanza shule."

Hapo, sitawaficha, ujanja wangu wote ulikwisha. Mimi na huyu mwanamume tumezunguka hospitali mpaka manesi wakawa wananisalimia kwa jina. Nimekunywa dawa chungu, nimepigwa sindano, nimelala chali mbele ya wageni waliovaa glavu. Na yeye alikuwa ananishika mkono njiani tukirudi, ananiambia, mke wangu, tusilazimishe, sisi wawili tunatosha. Nilimpenda zaidi kwa neno lile kuliko kwa jingine lolote alilowahi kunitamkia.

Nikamwambia toka. Hakutoka. Akasema atamfukuza Breki leo hii hii. Nikamwambia amwache mzee wa watu, hakutaja mtu, alitaja rangi tu.

Akainua kichwa haraka. "Rangi tu?"

"Rangi tu. Mengine yote umenieleza wewe sasa hivi."

Nilitaka kufurahia sura aliyoifanya. Nilijaribu. Haikuwa na ladha yoyote.

Akajifuta uso kwa kofia, kisha akafanya jambo ambalo Masafa hafanyi. Akapiga magoti, pale pale juu ya mkeka wangu mpya.

"Mtoto mmoja anaumwa," akasema. "Zahanati ya kule wameshindwa. Wamesema aletwe hospitali kubwa ya huku, na daktari hamwoni mpaka kesho asubuhi. Joto halishuki."

"Yuko wapi?"

Akatazama dirishani, upande wa kituo cha mafuta.

"Kwenye lori. Wote watatu."

Nikamuuliza kama huyo mama yao anajua mimi ni nani.

"Nimemwambia anakuja kwa dada yangu mwingine, ambaye hajawahi kumwona," akasema. "Tangu zamani anajua hapa ni kwa dada. Nikilala huku anajua nimelala kwa dada."

"Na mimi ulikuwa unakuja kuniambia nini?"

"Kwamba ni ndugu wa Breki. Wakae siku chache tu, mtoto atibiwe, warudi."

Mnaona hesabu hiyo. Yeye apokewe na wifi yake, mimi nimpokee ndugu wa utingo, tupike pamoja, tuulizane hali, kila mmoja amwonee mwenzake huruma, na bwana akae katikati ajaziwe sahani na wote wawili. Aliipanga kama anavyopanga mzigo, asubiri tu kamba zikazwe. Mbele yake akakuta ukuta wa chungwa.

"Kwa nini hukumpeleka kwa dada yako wa kweli?"

Akasema dada yake alikataa. Alisema yeye hataki kesi nyumbani kwake. Huyo ndiye wifi yangu, anayependa sebule nzuri.

"Nakuomba," akasema Masafa. "Ukiniumbua leo mama yao atamchukua mtoto aondoke. Namjua, hana subira. Na hapa mjini hajui hata pa kulala. Baadaye nifanye utakavyo. Nifukuze. Leo niite kaka."

Nilikuwa namtafutia jibu. Nilikuwa nalo kubwa, limeiva, la miaka. Nilitaka kumwambia kwamba kaka yangu ningemlea vizuri asingekuwa mwongo kiasi hiki. Kabla halijatoka, nikasikia viatu kibarazani, na sauti ya kike iliyochoka.

"Hodi, wifi."

Masafa akainuka kwenye magoti kama aliyekanyaga moto. Sikuwa nimejibu, na mlango ulikuwa wazi. Mwanamke akaingia akiwa na mtoto begani na mwingine ameshika sketi yake. Mwembamba, vumbi la safari limemkaa kwenye nyusi. Sikuwa tayari kumwona ni mtu wa kawaida hivyo. Nilikuwa nimejiandalia jini.

"Samahani wifi yangu," akasema. "Kaka yako alisema tungoje, lakini mle ndani ya lori ni tanuri, na huyu mtoto ananiungua mikononi. Maji tu, tafadhali, nimp..."

Alikuwa ameinua macho. Akautazama ukuta wa chungwa mpaka unapokutana na buluu. Akageuka kushoto, akaziona nyungo zimeshuka kubwa kwa ndogo. Akaona kikapu kwenye taa. Yule mtoto aliyeshika sketi akamwachia mama yake, akaenda moja kwa moja kwenye kochi, akapanda, akakumbatia mto, akatulia kama aliyefika kwao.

Mama yake hakumzuia. Alimtazama Masafa kwanza, muda mrefu. Masafa akasoma miguu yake mwenyewe. Kisha akanigeukia mimi, na hakuwa na ukali wowote. Aliuliza kama anayeogopa kujibiwa.

"Dada, wewe ni nani kwake?"

Masafa akanitazama. Kwa ndoa yetu yote hajawahi kunitazama vile, hata siku ya kuniposa. Nikisema mke, huyu atatoka na mtoto anayeungua, juani, kwenye mji asioujua, na najua atatoka kwa sababu mimi pia ningetoka. Nikisema wifi, nitakuwa nimeifuta ndoa yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, na kesho nitaamka nikiwa dada wa mume wangu.

Mtoto akakohoa, kichwa kikamlegea. Nikanyoosha mikono nikampokea. Alikuwa wa moto kama pasi, mwepesi kuliko nilivyofikiri, na pua yake ilikuwa ya Masafa. Akanilazia kichwa shingoni bila kuniuliza mimi ni nani, akafumba macho.

Mama yake alikuwa bado amesimama mlangoni, anangoja jibu.